Uso wa Bibi Wema

Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Warumi, zamani za tauni, alikuwako mchoraji mcha Mungu, jina lake Onofrio. Mkewe Agata alikuwa akiosha maiti za watu waliokimbiwa na ndugu zao. Aliosha, akaosha, hata ikafika siku akaoshwa yeye. Na Onofrio, aliyechora nyuso za nusu ya mji, hakuwahi hata mara moja kumchora mkewe. Kila Agata akisema, "Na mimi je, mume wangu?" alijibu, "Kesho, mama, kesho." Mfinyanzi hulia gaeni.

Baada ya matanga akaitwa na Bibi Lukresia, mjane tajiri aliyejenga nyumba ya mabinti yatima. Alitaka picha ya kutundika humo: Mali na Wema, wamechorwa kama wanawake wawili. Ndiyo desturi ya siku zile. Mali huvikwa lulu na kupewa pembe ya dhahabu inayomwaga sarafu. Wema huvikwa kanzu nyeupe na jua kifuani. Na aliyeagiza picha ndiye hupewa uso wa Wema. Mali atachorwa uso wowote wa sokoni, maana mwenye mali hapendi kuitwa Mali.

Onofrio akaapa juu ya Injili kwamba Wema atakuwa na uso wa Bibi Lukresia.

Basi akaanza. Akamchora Mali, kisha kanzu ya Wema, kisha jua. Alipofika usoni, mkono ukaenda peke yake. Aliporudi nyuma kutazama, akamwona Agata, na kale kakovu kake juu ya nyusi. Akapiga magoti akalia. Alijua amevunja kiapo, lakini hakuweza kumfuta. Toka siku hiyo kila asubuhi alifungua dirisha, akaiambia ile picha, "Umeamkaje, mama Agata?"

Siku zikaenda. Bibi Lukresia akatuma salamu: anakuja Ijumaa kutazama picha yake.

Msaga rangi wake, mzee Bartolo, akamwona amekaa ameshika kichwa.

"Hilo nalo la kukunyima chakula?" akasema Bartolo. "Agata yuko kwa rangi ya mafuta. Mpake bibi juu yake kwa rangi ya maji. Bibi akifa, unapitisha kitambaa chenye maji, mkeo huyo anarudi."

"Na akitazama?"

"Atajiona mzuri, atafurahi. Kwani nani ataosha picha? Paka?"

Onofrio akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akaigeukia picha.

"Ndugu yangu, Agata hakuficha hata doa moja la maiti; aliliosha. Nitamfichaje yeye chini ya uongo?"

Akachukua kisu cha kukwangulia. Akaanza na kovu. Akakwangua polepole, kama mtu anayemwosha mgonjwa, mpaka pale usoni kikabaki kitambaa kitupu cha picha. Bartolo alishindwa kutazama, akatoka nje.

Ijumaa Bibi Lukresia akaingia, akasimama.

"Onofrio! Kichwa changu kiko wapi?"

Akamweleza yote, bila kujitetea: kiapo, mkono, kovu, kisu. Bibi akaketi juu ya sanduku la rangi, na mavazi yake yale ya hariri.

"Agata yule aliyekuwa akiosha maiti?"

"Ndiye, Bibi."

"Alimwosha binti yangu. Mimi niliogopa kuingia chumbani. Nilisimama nje ya mlango, mimi mama yake. Kwa nini hukuniuliza? Ningekuachia!"

"Kama ningekuja kukuuliza uso wake ukiwa bado mbele yangu, Bibi, ningekudanganya ili nisimpoteze."

"Basi mrudishe. Nimekuondolea kiapo. Mchore sasa hivi!"

Onofrio akashika brashi. Akachora, akafuta. Akachora tena, akafuta. Jua likashuka. Mwisho akaweka brashi chini.

"Siwezi. Haji tena."

Wakalia wote wawili, tajiri na fukara, hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Kisha Bibi Lukresia akavua lulu zake, akazitundika juu ya picha, pale alipochorwa Mali.

"Uso wangu uweke huku. Hapa ndipo mahali pangu. Na yule mwache hivyo hivyo."

Picha ikatundikwa nyumbani kwa yatima. Mali ameketi chini, ana sura ya Bibi Lukresia, ameinua macho kumtazama Wema asiye na uso. Na Onofrio, mpaka alipoitwa na Mola wake, kila asubuhi alipita pale, akavua kofia mbele ya ule uwazi: "Umeamkaje, mama Agata?"

Kweli aliyoisema haikumrudishia mkewe, wajukuu zangu. Ilimwezesha tu kumsalimu bila haya. Sisi tunao wetu ndani ya nyumba, wazima, nyuso zao tunaziona, wanatuita. Na tunawajibu, kesho.