Kilio Kilichotangulia Kifo

Nije nisije?

Njoo!

Nije na mzigo au nije mikono mitupu?

Njoo na mzigo!

Basi nipokeeni, maana wa leo mzito. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka. Sipendi kumsimulia mtu aliye mguu ndani mguu nje. Haya, umekaa. Tuendelee.

Zamani hizo, babu wa babu yangu bado ananyonya, palikuwa na nchi mbili. Moja ilikuwa chini bondeni, Nchi ya Chumvi. Watu wake walichota maji ya chumvi kwenye chemchemi, wakayachemsha vyunguni kutwa nzima mpaka yakakauka, wakapata chumvi ya kuuza. Nchi ya pili ilikuwa juu milimani, nchi ya baridi na migomba. Katikati palikuwa na nyika kavu, mwendo wa siku tatu kwa punda. Mtu mwenye mbio zake aliukata kwa siku moja na nusu.

Huko bondeni aliishi mpika chumvi mmoja, jina lake Kasanda. Mkewe aliitwa Nakijwa, mtoto wa milimani. Kasanda alipanda huko kuuza chumvi, akamwona, akapenda, akaposa, akapewa, akashuka naye. Wakakaa miaka saba. Wakapata mtoto wa kike, na siku ninayoisema mtoto huyo alikuwa na miezi minane.

Kasanda alimpenda mkewe. Nasema alimpenda, na mbele nitasema tena, kwa sababu mtataka kumchukia, na mimi sitaki mumchukie haraka haraka.

Sasa tegeni masikio. Kule kwenye chumvi, mtu akileta habari ya kifo kwa mfiwa aliye mbali, hasemi kimetokea kifo. Anasema fulani anaumwa. Akipewa chakula anakataa, anageuka anaondoka. Watu wa nyumba wakiiona sahani haijaguswa wanajua yameshatokea, na hakuna anayemwuliza. Waliamini ukikitaja kifo mbali na pale kilipotokea, kitahamia kwako. Na mfiwa mwenyewe haambiwi, wala mke aliyeolewa kutoka mbali hafundishwi desturi hii, maana siku moja itamhusu. Anasindikizwa kwao, anatiwa moyo njia nzima, na siku atakayoliona paa la nyumba ya kwao, hapo ndipo wanaomsindikiza wanapoangua kilio, naye anajua.

Kule milimani mambo yalikuwa kinyume. Mjumbe wa msiba hula akashiba, maana safari yake haina haraka tena. Asiyekula ni mjumbe wa mgonjwa. Atajazaje tumbo lake wakati aliyemtuma hamezi hata uji? Hali chochote, na kadiri mgonjwa anavyozidiwa ndivyo mjumbe anavyojinyima.

Mmeshaona balaa linapokuja? Nyinyi mmeona. Wao hawakuona.

Siku moja asubuhi akaja mjumbe, binamu yake Nakijwa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasimama mlangoni. Akasema mama yake Nakijwa anaumwa sana, hainuki kitandani, na anamtaka mwanawe. Kasanda akamletea ugali na samaki. Mjumbe akakataa ugali. Akanywa maji, akageuka, akarudi mbio alikotoka.

Nakijwa alihuzunika, lakini alipoiona sahani imejaa alipata nguvu. Akasema moyoni: mama yangu yuko hai, nitamkuta. Kasanda akaiona sahani ile ile. Akasema moyoni: mama mkwe wangu hayupo tena. Sahani moja, watu wawili, na hakuna aliyefungua mdomo. Nakijwa hakuona sababu ya kueleza jambo ambalo kwao hata mtoto analijua. Kasanda hakuthubutu.

Nakijwa akataka kuondoka saa ile ile. Lakini nyika ile haivukwi na mwanamke peke yake, mtoto mgongoni. Panatakiwa punda, panatakiwa maji, panatakiwa watu. Akamwambia mumewe atayarishe punda.

Kasanda akamwambia punda ana kidonda mguuni, wangoje siku tatu.

Uongo. Punda alikuwa mzima, anaruka ruka zizini. Ila Kasanda alikuwa amepiga hesabu zake kichwani. Aliyekufa hana haraka, alijiambia, ila aliye hai anahitaji heshima. Mke wake ni mtu wa mbali. Akifika msibani na mume mmoja na punda mmoja, ndugu zake watasema dada yetu tulimtupa jangwani, hana watu. Kasanda akataka apande ule mlima na watu arobaini nyuma yake. Akataka unga wa kulisha msiba mzima, na pande kubwa la chumvi safi la kuweka miguuni pa ndugu. Mambo hayo hayapatikani kwa siku moja.

Akaanza kazi. Mchana alizunguka nyumba hadi nyumba akiwaomba watu kimya kimya, kwanza shangazi yake Mtunze, fundi wa kuangua kilio, ambaye sauti yake ilivuka mabonde mawili. Akanunua vitambaa vyeusi akavificha chini ya magunia. Na nyumbani alimshikia mkewe kazi zote. Alichota maji kisimani mbele ya wanaume wenzake, wakamcheka. Alisonga ugali, ukawa mabonge, akautoa hivyo hivyo. Alimbeba mtoto. Nakijwa alimshukuru, akasema kumbe nina mume. Kisha akauliza kidonda cha punda kinaendeleaje.

Na Kasanda alikwenda kukaa kwenye moshi wa vyungu vya chumvi akalia, apate kusema ni moshi. Alikuwa akimlilia mama mkwe kwelikweli. Siku aliyopanda kuposa, miguu imepasuka kwa baridi, mama yule alimvua bintiye blanketi, akavua na lake, akamfunika mgeni yote mawili, akakaa jikoni mpaka asubuhi akichochea moto. Kasanda hakusahau.

Siku tatu zikaisha, akaja mjumbe wa pili, jirani wa kule milimani. Akasema mama amezidiwa, kila mlango ukilia anauliza kama ni Nakijwa. Akapewa ugali, akakataa. Akapewa maji, akakataa maji. Akageuka, akarudi mbio.

Nakijwa akaogopa. Kukataa maji kwao ni jambo zito, lakini bado mama yuko hai. Akamwambia mumewe waondoke sasa hivi, kidonda cha punda atakiosha yeye njiani. Kasanda akamwambia mto wa katikati umejaa, wangoje siku tatu upungue.

Uongo wa pili. Mto ule ulikuwa mchanga mtupu, mbuzi wanalala ndani yake. Kwake yeye mjumbe wa pili alikuwa anasisitiza lile lile, kwamba msiba unamngoja binti, lakini watu walikuwa bado hawajatimia, na unga ulikuwa haujatosha. Mnamwona? Anadanganya kwa mdomo huku mikono inamfuta mkewe machozi. Alimpenda, nimesema, na leo nalisema kwa uchungu.

Siku tatu nyingine zikaisha. Akaja mjumbe wa tatu, mzee mzima, anahema. Akapewa ugali, akakataa. Akapewa maji, akakataa. Akapewa kigoda, akakataa kukaa. Akamwambia Nakijwa aje, aje, aje. Akaondoka akipepesuka.

Nakijwa hakulia safari hii. Akafunga mtoto mgongoni, akajitwika kibuyu cha maji, akashika njia ya nyika kwa miguu. Kasanda akamfuata, akampata kwenye chemchemi ya mwisho, akampigia magoti. Akamwomba siku tatu tu, unga uko kinuni, watu wa ukoo wanakuja kumsindikiza.

"Kasanda," mkewe akasema, "mama yangu hangoji unga."

Na hapo, jamani, hapo palikuwa na mlango wazi. Angemwambia tu: mke wangu, mama hayupo. Naye angemwambia: nani kakudanganya, yupo. Yangekwisha. Lakini paa la kwao lilikuwa bado halijaonekana, na kinywa cha Kasanda kilikuwa kimefungwa na wazee waliokufa zamani. Akamtua kibuyu kichwani, akamrudisha nyumbani. Nakijwa alirudi kwa sababu ya mtoto, jua lilikuwa kali na mtoto alikuwa analia kiu.

Siku ya kumi wakaondoka. Punda kumi na wawili, watu arobaini, unga, chumvi. Njia ilikuwa nzuri. Yule punda wa kidonda hakuchechemea. Nakijwa akamtazama mguu. Wakafika mtoni, wakavuka kwa viatu vikavu. Nakijwa akatazama mchanga, akamtazama mumewe. Wale watu arobaini walimzunguka kwa upole wa ajabu, huyu anamshika mkono, yule anampunguzia mzigo, na yeye akashindwa kuelewa wanamhurumia nini.

Siku ya tatu ya safari wakapanda mlima. Wakatokeza kwenye kilele kidogo, na ng'ambo ya bonde la migomba likaonekana paa la nyumba ya kwao, moshi unatoka jikoni. Nakijwa akafurahi kuuona moshi. Akaanza kukimbia.

Shangazi Mtunze akaangua kilio.

Watu arobaini wakapokea. Vitambaa vyeusi vikatoka chini ya magunia. Kilio kikateremka bondeni kikapanda upande wa pili. Nakijwa akasimama, akageuka, akaviona vitambaa. Shangazi akamkumbatia, akamwambia lia, mwanangu, lia, ulikuwa hujui, sasa umejua. Nakijwa akatoa sauti moja ambayo watu wa Nchi ya Chumvi walikuwa hawajapata kuisikia kwake kwa miaka saba. Akalia akipanda, akalia akianguka, akalia akiinuka.

Sasa twendeni ndani ya ile nyumba. Mama alikuwa amelala kitandani, na alikuwa hai. Tangu juzi alikuwa hasemi. Mwanawe mkubwa, Mrutu, alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko. Kilio kikaingia mlangoni. Kati ya sauti arobaini mama akaitambua moja.

Akafumbua macho. Akasema, "Nakijwa analia. Kafiwa."

Mrutu akatoka mbio, bakuli la uji bado liko mkononi, akakutana na watu uani. Akawauliza, "Mnamlilia nani?"

 Kilio kikakatika kimoja kimoja, kikaisha. Kasanda akalitazama lile bakuli la uji linalotoa mvuke, akaelewa yote kwa mara moja. Akakaa chini pale pale kwenye matope.

Na ndani mama alikuwa ameshashuka kitandani. Mwanawe analia nje, kafiwa, labda na mume, labda na mtoto wake mchanga. Mama gani atalala? Miguu haikuwa imemchukua mwezi mzima, siku hiyo ilimchukua hatua nne. Akafika kizingitini, akaanguka.

Nakijwa ndiye aliyemwinua. Akamweka kichwa mapajani. Mama alimtazama, kisha akanyoosha mkono juu ya bega la bintiye, akamgusa mtoto mgongoni. Mtoto akamshika kidole. Mama akatabasamu kwa kuona mtoto yu mzima. Akataka kusema neno, pumzi haikutosha, na roho ikatoka mkono ukiwa bado kwa mtoto.

Watu arobaini wakakaa kimya. Kilio walikuwa wamekimaliza kabla ya wakati wake.

Mazishi yalikuwa makubwa. Unga ulitosha, chumvi ilitosha, mikono ya kuchimba ilitosha. Watu wa milimani walisema hawajapata kuona mkwe aliyejitayarisha namna ile, wakamshika Kasanda mkono mmoja baada ya mwingine wakimpongeza. Kila aliyempongeza alimchoma.

Siku ya nne Nakijwa alimwita mumewe nyuma ya nyumba. Akamwuliza kama punda alikuwa na kidonda. Akasema hakuwa nacho. Akamwuliza kama mto ulijaa. Akasema haukujaa. Akamwuliza basi alikuwa anajua nini. Kasanda akaeleza yote, sahani, maji, kigoda, paa. Alieleza huku analia, na hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Nakijwa akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwetu hatuulizi."

"Najua kwenu hamuulizi. Miaka saba najifunza ya kwenu, mpaka namna ya kukaa na namna ya kulia. Wewe ungeniuliza neno moja tu, kwamba kwetu mjumbe asiyekula amebeba nini. Ningekujibu kabla ugali haujapoa. Ningemkuta mama yangu anaongea, Kasanda. Siku kumi alikuwa anaongea."

 Watu arobaini wakafunga punda wao wateremke. Nakijwa hakufunga kitu. Kasanda akasimama mbele yake, akamwuliza kwa sauti ndogo, kwao mtu akifiwa na mama anakaa kwenye nyumba ya msiba mpaka lini.

Lilikuwa swali lake la kwanza.

Nakijwa akamwambia kwao hakuna siku zilizopangwa, mfiwa huondoka akiwa tayari, na hakuna anayemharakisha. Akaingia ndani na mtoto. Kasanda akamfuata punda wa mwisho, akateremka.

Usiniulize kama alirudi. Aliyenisimulia aliishia hapo, na mimi sina ulimi wa kuongezea.

Mzigo nimeutua. Je, ni mwepesi?

Ni mzito!

Basi ubebeni nyinyi mpaka majumbani kwenu. Mimi mgongo umeniuma.