Mkeka wa Waliomezwa

Hadithi, jamani! Komeeni mlango kwanza, ndipo msogee.

Palikuwa na zimwi lililommeza kila mwanamke aliyedai haki, na akishamezwa, kijiji kizima humsahau. Mwanatumu, msukaji mikeka, peke yake hakusahau, maana kwa kila aliyemezwa alisuka ukili mwekundu, utepe mmoja wa mkeka wake.

Usiku mmoja zimwi likagonga mlango wake: "Nani anawakumbuka?" Akaendelea kusuka. Likagonga tena, akazidi kusuka. Mara ya tatu akajibu, "Mimi!" Likammeza.

Asubuhi jirani zake wakaukuta mkeka, wasijue ni wa nani. Lakini ukili hauachwi nusu. Wakaketi kuumalizia, na majina yakawarudia, moja moja. Mlango ukagongwa: "Nani anawakumbuka?"

"Sisi!"

Zimwi lina mdomo mmoja tu. Mpaka leo limesimama pale nje, linachagua.