Fungu la Moshi

Wewe unayepangusa macho na kuulaani upepo, kaa hapo hapo. Upepo hauna kosa. Ukihamia upande wa pili moshi utakufuata, ukirudi utarudi nawe, na wenzako watakucheka mpaka zamu yao ifike. Zamani haikuwa hivyo. Sikilizeni kero hii ilikotoka, na asinikatize mtu, kwa sababu habari hii inaniudhi kila ninapoisimulia na nikikatizwa naudhika mara mbili.

Enzi hizo moshi ulipanda juu moja kwa moja, umenyooka kama mchi. Ulitoka kwenye kuni ukaenda zake mbinguni bila kumgusa mtu. Watu walizunguka moto pande zote wakala, wakapiga soga, wakasinzia, na hakuna aliyekohoa. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua ukali wa moshi, naye ni mpishi, maana yeye ilimbidi akiinamie chungu na kichwa chake kikawa katikati ya njia. Warina asali ndio walioupenda moshi wa namna ile kuliko watu wote. Waliwasha mwenge wa magome chini ya mzinga, moshi ukaingia ndani, nyuki wakatoka kwa adabu, na mrina akatia mkono bila hata chozi moja.

Basi katika nchi ya misitu ya miombo aliishi mwanamke aitwaye Milembe. Mumewe, Ng'wandu, alikuwa mrina asali, na alikufa kwa kuanguka kutoka juu ya mti wa mninga. Alimwachia mkewe mabinti wadogo, chungu kimoja kizuri, na mizinga aliyoitundika msituni kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba ile iliishi kwa asali. Kwa asali walipata mtama, kwa asali walipata chumvi. Msimu ulipofika Milembe aliwaacha mabinti kwa mama yake, akajitwika chungu, akafuatana na wanaume mpaka kambini.

Mkuu wa kambi alikuwa Shigela, kaka wa marehemu Ng'wandu.

"Shemeji," Milembe alimwambia, "nimekuja mahali pa Ng'wandu."

"Karibu sana, shemeji," Shigela alijibu. "Lakini kupanda miti si kazi ya mwanamke. Wewe kaa motoni utupikie. Hatutakusahau."

Hatutakusahau! Mtu akikuambia hivyo kabla hata hujaanza kazi, ujue ameshaanza kukusahau. Milembe hakulijua hilo bado. Aliteka maji, akakusanya kuni, akapanga mafiga yake.

Kambi ile ilikuwa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa nzuri, nisiisingizie. Chakula chochote kiligawanywa mafungu, kila fungu likawekwa juu ya jani, na mkuu wa kambi akaita jina la mwenyewe. Fungu likishawekwa mbele ya mtu halikuondolewa tena, hata kama mwenyewe alikuwa mbali, hata kama alikuwa ameshiba. Na siku ya kuvunja kambi, asali iligawanywa kwa majina yale yale yaliyozoea kuitwa penye chakula. Aliyekuwa na fungu la chakula alikuwa na fungu la asali. Asiyekuwa nalo alikuwa mpita njia tu.

Milembe alijua kupika. Alipika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, akaviunga na karanga mpaka mchuzi ukawa mzito na kung'ang'ania vidole. Alifukia viazi vibichi kwenye majivu ya moto, akavitoa maganda yameungua na ndani pameiva laini. Alisonga ugali wa mtama juu ya moto wa kuni, upepo ukivuma na magogo yakiteleza, na ugali haukuwa na donge hata moja. Wanaume walirudi jioni wamechoka, wakanusa, wakasahau uchovu. Walikula mpaka wakafungua mikanda. Na kila siku Shigela aliita majina, kuanzia la kwake hadi la yule mwenye kusokota kamba, na jina la Milembe halikuitwa.

Siku ya kwanza alidhani wamepitiwa. Alikwangua chungu akalala. Siku ya pili alikwangua tena. Baada ya hapo alianza kukaa karibu zaidi na duara, akijikohoza, akipanga majani mahali ambapo Shigela asingeweza kutoyaona. Shigela aliyaona. Aliyatumia kufutia mikono.

Msimu ulipokaribia kwisha, Milembe alisimama mbele yao wakiwa bado wanalamba vidole.

"Shemeji, tangu tumefika sijasikia jina langu."

Shigela alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba mshangao ule ulikuwa wa kweli. "Jina lako la nini tena, shemeji? Mpishi si anaonja? Unaonja asubuhi, unaonja mchana, jioni unaonja. Na moshi wote ule unaoumeza! Hebu ona macho yako yalivyoiva kwa shibe."

Wanaume wakacheka. Lugendo, ambaye alikula kuliko wote na kupanda miti kidogo kuliko wote, alidakia, "Kama ana njaa, moshi bado upo!"

Wakacheka tena. Milembe aliwasubiri wamalize. "Na asali?"

"Asali hufuata mafungu," Shigela alisema. "Hukuitwa kwenye chakula, utaitwaje kwenye asali?"

"Mizinga ya Ng'wandu je?"

"Mizinga ya Ng'wandu sasa ni ya kambi."

Hasira ilimpanda Milembe tangu nyayoni. Iliyapita magoti, ikafika tumboni ambako hakukuwa na kitu cha kuizuia, ikafika kooni ikakaa. Aliwafikiria mabinti zake wakimwona anarudi na chungu kitupu. Alimfikiria Ng'wandu juu ya mninga. Angeweza kupiga kelele, lakini kelele zingewapa wale watu kitu kingine cha kuchekea. Akasema tu, "Sawa, shemeji. Kesho nitawapikia kanga wa udongo."

Walishangilia kama watoto. Kanga wa udongo ndicho chakula walichokipenda kuliko vyote, na walidhani wametukuzwa.

Asubuhi walikwenda porini. Milembe aliwachukua kanga wanono walionaswa mtegoni, akawatoa utumbo, akaziosha firigisi na kuzirudisha ndani pamoja na chumvi na uyoga mkavu. Akachimba udongo wa kichuguu, akaukanda kwa maji, akawapaka ndege wote na manyoya yao mpaka wakawa madonge makubwa ya matope, akawafukia chini ya makaa. Udongo ukikauka hushika manyoya, na ukiuvunja manyoya hutoka nao, na nyama hubaki nyeupe ikitiririka mafuta. Mnatabasamu. Subirini.

Huku kanga wakiiva, alikwenda mahali vilipotundikwa vibuyu vya kuwekea asali. Kila mwanamume alikuwa na chake, na Milembe alikijua cha kila mmoja kwa sababu yeye ndiye aliyeviosha. Akarundika majani mabichi juu ya moto mwingine, moshi ukatoka mzito, mweupe, mchungu. Akakichukua kibuyu cha kwanza, akakishika juu ya moshi mdomo wake ukitazama chini mpaka kikajaa, akakiziba kwa jani. Akafanya hivyo kwa kila kibuyu. Machozi yalimtoka na wala hakuyafuta.

Wanaume waliporudi harufu ya kanga iliwapokea mbali. Walikuta majani yametandikwa, na juu ya kila jani kibuyu. Kabla Shigela hajafungua kinywa, Milembe alianza kuita.

"Shigela, hili fungu lako. Lugendo, hili fungu lako." Akaita wote, hakumruka mtu. "Kunyweni mchuzi kwanza. Nyama inafuata."

Waliinamisha pua zao kwenye vibuyu wakang'oa majani.

Moshi uliwaingia machoni, puani, kooni. Walikohoa mpaka wengine wakapiga magoti. Milembe alisimama juu yao, na safari hii alipaza sauti.

"Mmesema moshi ni shibe! Msimu mzima nimeula peke yangu, tena nikauona uchoyo wangu, nikasema hapana, chakula kitamu namna hii kigawanywe. Nimewaita kwa majina. Nimeweka mafungu mbele yenu. Sheria ya fungu mnaijua wenyewe. Sasa kuleni!"

Kisha aliketi, akavunja udongo wa kanga mmoja, akaitoa firigisi, kipande ambacho siku zote kilikuwa cha mkuu wa kambi, akaitia mdomoni na kuitafuna taratibu.

Shigela alinyanyuka na fimbo. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo macho yalikuwa hayajapata kuliona. Moshi wa moto mkubwa, uliokuwa umesimama wima tangu dunia kuumbwa, uliinama. Uliinama kama mtu anayepita mlango mfupi, ukamwendea Shigela usoni. Alihama, ukamfuata. Alipokimbilia nyuma ya Lugendo, ukampitia Lugendo kwanza. Moshi ulikuwa haujawahi kukaribishwa mahali popote. Sasa ulikuwa umeitiwa kila mtu kwa jina, umewekwa mbele yake kwa heshima zote, na ukaona ni utovu wa adabu kutomtembelea. Milembe peke yake ndiye ambaye haukumwendea. Jina lake halikuwa limeitwa, hata kwenye moshi.

Wakajidai ni upepo. Asubuhi walipanda miti na mienge yao. Moshi badala ya kuingia kwenye mzinga ulijikunja ukawajia machoni, na nyuki waliokuwa hawajaona moshi walitoka na hasira zao zote. Lugendo alishuka uso umevimba hata pua haionekani ilipo. Mizinga ikabaki imejaa juu ya miti, na wenye mizinga wamelala chini wakipakwa matope na kulia.

Shigela alikuja motoni akiona kwa jicho moja. "Shemeji, uambie moshi uondoke."

"Fungu likishawekwa haliondolewi," Milembe alijibu bila kugeuka. "Sikuitunga mimi sheria hiyo."

"Basi unataka nini?"

"Jina langu."

 Shigela akatandika jani kwa mikono yake mwenyewe, akaweka juu yake firigisi, akasema kwa sauti ndogo, "Mke wa Ng'wandu, hili fungu lako."

"Ng'wandu amekufa," alisema Milembe. "Fungu lake mlishalila. Niite mimi, na useme kwa sauti, waliovimba masikio nao wasikie."

"Milembe!" Shigela alipiga kelele, na msitu ukaitika. "Milembe, hili fungu lako!"

Aliila firigisi ile mbele yao. Halafu alijifunga kitambaa kiunoni, akachukua mwenge, akaenda kwenye miti ya mumewe. Akaanza na ule mninga. Alipanda polepole, na hasira ndiyo iliyomfikisha juu. Moshi haukuwa na ugomvi naye. Ulipanda kandokando yake hadi mzingani, na nyuki wakatoka kwa adabu ile ya zamani. Alishusha asali ya mizinga yote ya Ng'wandu, na kambi ilipovunjwa akarudi nyumbani, mabinti zake wakalamba mpaka viwiko. Wanaume nao walilazimika kujifunza kuupuliza moshi ndani ya mzinga kwa midomo, mashavu yamejaa, machozi yakiwachuruzika, kama mnavyowaona wakifanya hivi leo. Na vibuyu vyao havikutoka harufu ile kamwe.

Na tangu siku hiyo moshi haupandi tena wima. Hulizunguka duara, ukimtafuta mmoja mmoja kati ya wale wanaokaa kusubiri kuletewa. Mpishi humpitia tu, naye hufuta chozi akaendelea na kazi yake. Asali ya porini nayo ina uchungu kidogo wa moshi nyuma ya utamu, na katika kambi za warina asali firigisi huwekwa kwanza mbele ya mwenye chungu, na jina lake huitwa kwa sauti kabla mtu yeyote hajanawa.

Basi wewe unayepangusa macho, acha kuhamahama. Hapo motoni kuna mtu amekupikia tangu asubuhi, na umeshaunyoosha mkono. Nenda ukamuulize kama amekula. Na umwite kwa jina lake.

Unalijua?