Uzi Mfupi wa Mbeyu

Paukwa!
Pakawa!
Huku nyuma sijasikia. Paukwa!
Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani sana, kabla babu wa babu zetu hajapata babu, kwenye udongo chini ya mkunde, waliishi ndugu wawili, vijidudu wadogo hata jicho haliwaoni. Mkubwa aliitwa Mwatime, mdogo Mbeyu.

Kila mmoja alivaa uzi wa shanga, na kila ushanga ulikuwa ujuzi: wa kuota mkia wa kuogelea, wa kushona koti la kiangazi, wa kupika chakula. Desturi yao ilikuwa hii: kijidudu akitaka kuzaa, kwanza hutunga uzi mwingine sawasawa na wake, ushanga kwa ushanga, kisha hujigawa. Nusu mama, nusu mtoto, jina lile lile. Kwa hiyo nikisema Mbeyu, msiniulize yupi. Ni wote.

Mbeyu alichoka. "Dada, tunatunga tu. Tunazaa lini?"

"Tunga, mdogo wangu. Udongo huu leo tope, kesho vumbi."

Bi Kidukari, mdudu aliyeshinda kwenye shina la mkunde akinyonya utomvu, aliwasikia. "Mwanangu, njoo ukae tumboni mwangu. Utomvu ni mtamu, lakini haujengi mwili. Wewe nipikie kinachojenga, mimi nikupe sukari na chumba."

"Kuna jua humo?"

"Hakuna."

"Kuna maadui?"

"Hakuna."

"Kuna majirani?"

"Labda mimi."

"Nimehamia," akasema Mbeyu.

Siku ya kutunga, alifika kwenye ushanga wa mkia. "Huu wa kazi gani humu? Niogelee niende wapi?" Akauruka. Vizazi vikapita, akafika kwenye wa koti. "Huu wa kazi gani humu? Jua lenyewe silijui." Akauruka. Vizazi vikapita, akafika kwenye wa kupigana. "Huu wa kazi gani humu? Nimpige nani, mwenye nyumba?" Akauruka. Za kupika tu hakuziruka, maana siku aliyojaribu, Bi Kidukari alilegea na chumba chote kikayumba.

Mwatime akaita kutoka chini, "Mbeyu, mkia unao?"

"Sina, dada."

"Koti je?"

"Sina."

"Sasa una nini?"

"Nina nafasi."

Basi mwenye shamba akaona kunde zake zinanyauka. Akaja na jivu, akaanza kuwamwagia vidukari. Mgongo ulikuwa unamuuma, kwa hiyo kila asubuhi alimaliza mstari mmoja, akarudi nyumbani. Kila asubuhi jivu likasogea.

"Toka, mdogo wangu!" Mwatime akalia. "Rudi udongoni."

"Nikitoka hivi nilivyo, nitakufa kabla sijafika chini."

"Basi nakurushia shanga zangu." Udongoni ndivyo walivyoazimana, kama watu wanavyoombana chumvi. Akarusha. Zikagonga ngozi ya Bi Kidukari, zikaanguka.

"Dada, usihangaike. Nyumba hii haina dirisha."

Mbeyu akamgeukia mwenye nyumba. "Bibi, wewe huna shanga zako?"

"Ninao wa mabawa. Kwangu umechelewa, labda mabinti. Lakini mabawa hayaoti kwa sukari tupu."

"Wewe nyonya, mimi nipike."

Akapika, akapika, akapika. Bi Kidukari akazaa mabinti, na ndani ya kila binti alikuwamo Mbeyu. Mabinti wakakua, mabawa yakachomoza, yakakunjuka, yakakauka. Kwenye mstari wa jirani jivu lilikuwa limekwisha kumwagwa.

Asubuhi iliyofuata mabinti waliruka. Bi Kidukari hakuwa na mabawa. Jivu lilimkuta pale pale, pamoja na Mbeyu aliyekuwa akimpikia.

Mwatime akaita, "Mbeyu, umekufa?"

Sauti ikajibu kutoka juu, "Hapo kwenye shina nimekufa, dada. Huku juu nipo, naliona shamba la pili."

Mwatime akacheka huku akilia. Kisha kiangazi kikaingia, akashona koti lake, akalala akingoja mvua.

Ndiyo maana hadi leo kijidudu wa udongoni ana uzi mrefu kupindukia, na wa tumboni mwa kidukari ana uzi mfupi kama kope. Wala hakuna anayemcheka mwenzake.

Hadithi yangu imefika hapo, ikakaa chini. Anayetaka kulala akalale.