Kwa Nini Maumivu Huja Mara Mbili

Kaeni chini, na huyo mke wa Yonazi aliyesimama pale mlangoni akae pia. Nimeona alivyojikwaa kizingitini akamwaga uji. Nimesikia na minong'ono yenu, kwamba mgeni huyu amemwaga makusudi. Mimi sijasema kitu bado. Namtazama tu.

Zamani maumivu yalikuwa na mjumbe mmoja, jina lake Mchomo. Ukikanyaga kaa la moto, Mchomo alitoka kidoleni mbio, akapanda mguu, akapita uti wa mgongo mpaka kichwani, akasema, "Toa mguu," akaenda zake. Basi, yamekwisha. Mtu aliruka, akatulia, akaendelea na kazi. Uso haukukunjamana hata kidogo. Kwa hiyo hakuna aliyejua mwenzake ameumia wapi wala kiasi gani, na watu walitiliana shaka kwa mambo madogo kabisa.

Alikuwapo mhunzi aitwaye Sekiondo, babu wa mababu zenu. Fundi hasa, lakini mtu wa kushuku. Ukimsalimia, alikutazama mikono kwanza. Alimwoa Nakijwa, binti wa wahunzi wa ng'ambo ya bonde, na tangu siku ya harusi alijiuliza kwa nini watu wale walimpa binti kirahisi vile.

Nakijwa ndiye aliyevukuta moto. Mivukuto yetu mnaijua: mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, wa kulia na wa kushoto, inakandamizwa kwa zamu bila kukoma, maana moto ukipoa chuma hakifuliki. Siku moja cheche ilimwangukia Nakijwa kwenye kidole cha mguu. Akaruka, akaacha mivukuto, na jembe likapasuka chini ya nyundo. Sekiondo alipogeuka alimkuta mkewe ametulia, uso mkavu. Akaliweka moyoni. Likapasuka jembe jingine, na jingine tena. Hapo akajiambia kuwa sasa ameelewa: mwanamke huyu ametumwa na kaka zake amharibie kazi.

Akampeleka barazani. Alitaka Nakijwa arudishwe kwao, na binti yao Namkunda, ambaye ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, abaki kwa baba kama ilivyokuwa desturi. Nakijwa aliwaeleza wazee kwamba aliungua kidole cha mguu, na kwamba Mchomo ndiye aliyemwamuru aruke. Wazee wakatazamana. Barazani kwetu neno la mmoja halikutosha. Ilipasa shahidi wa pili aje nyuma ya wa kwanza, kwa njia yake mwenyewe, akae hapo mpaka kesi iishe. Nakijwa hakuwa naye.

Sekiondo akasema yeye atapima. Mivukuto ikaletwa, mtu akawekwa aikandamize kwa mwendo mmoja, na Nakijwa akafungwa macho. Mfuko wa kulia uliposhuka, Sekiondo akamgusa shavu kwa ncha ya chuma cha moto. Nakijwa akalia papo hapo. Kisha akamgusa kidole cha mguu. Kilio kikachelewa, kikaja mfuko wa kushoto ulipokuwa unashuka. Akarudia, ikawa vile vile. Mwenye akili zake angesema njia ya kutoka kidoleni ni ndefu kuliko ya shavuni. Sekiondo akasema kilio cha mguuni kinachelewa kwa sababu anakitunga kwanza. Na wazee wale, Mungu awasamehe, wakaitikia.

Nakijwa akamwinua mtoto, akamkumbatia. Kisha akamwambia mumewe, "Sasa pima na mguu wako."

Hakuweza kukataa mbele ya watu. Lakini alishuku hata mguu wake mwenyewe. Akaufunga kamba juu ya kifundo, akaikaza, ili kama kweli kuna mjumbe anayepita, akwame hapo. Akasubiri mpaka mguu ukafa ganzi, kisha akaweka kaa la moto juu ya kidole. Kimya. Mchomo alikuwa amekwama kambani. Sekiondo akacheka, akawaonyesha wazee, na kaa akaliacha pale pale.

Mchomo alikuwa ameyasikia yote, na kuitwa mwongo mbele ya watu kulimuudhi sana. Alikuwa na kaka yake, Mwako, mzito na mkaidi, ambaye hajawahi kutumwa popote kwa sababu ya mwendo wake. Siku hiyo alimwita, akamwomba aende kutoa ushahidi, si kwa Sekiondo tu, bali kwa kila aliyeungua. Mwako akainuka bila haraka, akapita vijia vyembamba ambavyo kamba haikuvibana. Kicheko cha Sekiondo kikapungua. Akaitazama kamba. Akamtazama mkewe, akidhani amemroga. Kisha uso wake ukakunjamana, jambo ambalo hapo kabla hakuna aliyeliona kwa mtu yeyote, na jasho likamtoka. Akalikung'uta lile kaa. Kaa likaondoka, Mwako akabaki.

"Shahidi wa pili amefika," Sekiondo akasema. "Mwambieni aende."

"Shahidi haendi mpaka kesi iishe," Nakijwa akamjibu, na uso wake yeye pia ulikuwa umekunjamana, maana Mwako alikuwa amemfikia.

Sekiondo alimchunguza kwanza kama anamwigiza. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kushuku. Kisha akaona mguu gani ameuinua, na kidole gani, kile kile cha cheche. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mama Namkunda." Wazee wakaamua Nakijwa asirudishwe. Mtoto akabaki kwa mama yake, na Mwako akalegea kidogo.

Na tangu siku hiyo, ukijikwaa, Mchomo anafika mbio, halafu Mwako anakuja nyuma yake, anakaa. Hospitali waliponipima mishipa ya fahamu kwa nyaya zao, daktari aliniambia kuna habari zinazokimbia na habari zinazotembea. Nikamwambia kwetu tunajua. Na ndiyo maana mtu akiumia mbele yako, hata kama humjui, hata kama si wewe uliyemwumiza, unampa pole. Shahidi anangoja kusikia kwamba umesadiki.

Sasa, mke wa Yonazi. Tangu nianze kusema umeshika kidole hicho cha mguu, na nyumba nzima hakuna aliyekwambia neno. Hata mimi nilikuwa nakutazama mikono. Pole, mwanangu. Njoo ukae hapa.