Kodi ya Kupe

Nyie mliokaa hapo mnatafuna mahindi, hebu niambieni: mkataba wa nyumba ukiisha, nani hulala nje? Aliyeichimba, anayejiita mwenye nyumba, au anayeifagia kila siku?

Mnajua.

Basi, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanapanga na kupangisha, palikuwa na mteremko wenye mashimo mazuri, ya kina, yasiyoingia mvua. Yote yaliitwa ya Mzee Ngiri. Ngiri hakuchimba hata moja! Alichimba Muhanga, akachoka, akahama. Ngiri akapita, akakojoa mlangoni, akasema, "Yangu." Hati miliki ndiyo hiyo. Msinicheke mimi, ichekeni dunia.

Shimo la mwisho alipanga Nguchiro. Zamani walikuwa ukoo mzima humo, wakilala wamerundikana kama viazi ndani ya gunia. Mama yake akafa, ndugu zake wakaondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta maisha. Majirani nao, kila mkataba ulipoisha, nje! Nungunungu akatolewa. Kicheche akatolewa. Sungura, na sifa zake zote za ujanja, akatolewa. Mashimo yakabaki matupu, yakisubiri wapangaji wa kulipa asali ambao hawakuja.

Jioni Nguchiro alikuwa akitega sikio kusikia ile chaka-chaka-chaka ya miiba ya Nungunungu akirudi nyumbani. Kimya. Akikaanga kumbikumbi, mkono wake ulikaanga wa kutosha wawili, kwa mazoea tu.

Elimu alikuwa nayo. Alisomea kuua nyoka, akafaulu vizuri sana, na cheti akakitandika chini kuzuia unyevu. Ajira? "Tutakuita." Mpaka leo.

Kodi yake ilikuwa kupe. Kila siku ya soko Ngiri alijilaza mlangoni, puu! Nguchiro akampanda mgongoni na kumtoa kupe kwa meno, twa! twa! twa! Mkataba ulikuwa wa muda maalumu: mpaka ua la kwanza la mgunga lianguke.

Na desturi ya pale hata watoto waliijua. Muda ukiisha, mwenye shimo huja na shahidi, anaingia, anajilaza, shimo limerudi kwake. Lakini akipokea kodi baada ya muda kuisha, basi! Mkataba umezaliwa upya, msimu mwingine, masharti yaleyale.

Ngiri aliijua sana. Migunga ilipoanza kuchanua, akaacha kuja kutolewa kupe, asije akajisahau. Akimwona Nguchiro, anakata kona. Kupe wakanenepa mgongoni kama zabibu. Angemwendea nani mwingine? Wote alishawafukuza.

Ua likaanguka.

Asubuhi, du! du! du! Ngiri huyo, mkia juu kama antena. Nyuma yake Karani wa Baraza, yule ndege wa miguu mirefu mwenye manyoya kama kalamu kisogoni.

"Hodi humo ndani!"

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja kwa shikamoo. Ua limeanguka, binti. Time is over. Toka."

Nguchiro akatazama juu. Kipanga alikuwa anazunguka angani, taratibu, kama mwenye miadi. Nguchiro mmoja bila shimo ni kitoweo.

"Nikitoka niende wapi, Mzee? Humu nimezaliwa."

"Hiyo siyo dipatimenti yangu. Mkataba ni mkataba. Nyegere ameshaniahidi asali."

"Basi kaa hata unywe chai, tuongee."

"Weee! Unanitega? Nimekula chumvi nyingi, mimi! Sinywi chai yako, sinywi maji yako, hata pole yako siitaki. Karani, umeona? Sijapokea kitu."

"Nimeona," Karani akasema.

Nguchiro akamgeukia. "Na Baraza linasemaje, Bwana Karani?"

"Baraza linashuhudia tu."

"Mtu akiliwa?"

"Tunashuhudia."

Nguchiro akachungulia ndani. Ukutani zilikuwepo alama za kucha za mama yake, za ile siku alipopanua chumba watoto watoshe. Angemlilia nani?

Hapo akasikia kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Ngiri alikuwa anajisugua kwenye gogo. Kuona ametazamwa, akaacha, akajifanya anakohoa.

Ahaa.

"Sawa, Mzee. Nimeshindwa. Nachukua sufuria yangu tu. Wewe ingia, nitapita pembeni."

"Fasta fasta!"

Nguchiro akazama ndani.

Sasa sikilizeni. Ngiri haingii shimoni kwa kichwa, hata umuue. Simba amng'ate matako? Thubutu! Huingia kinyumenyume, heshima yote inabaki mlangoni, makalio yanatangulia gizani.

Mzee akageuka, akaanza kurudi nyuma. Mkia. Kiuno. Mgongo wote. Kikabaki kichwa tu nje, kinamkazia macho Karani.

"Shuhudia," akasema. "Kuanzia sasa, shimo hili ni la..."

Twa!

Macho yakamlegea.

"Ni la nani, Mzee?" Karani akauliza.

"Ni la... aaah."

Twa! Twa!

"Mzee?"

"Ngoja kwanza, bwana! Hapo... hapo hapo! Teremka kidogo. Kushoto! Yeees! Uwiii, mama yangu! Usiache, binti, usiache! Kuna mmoja shina la mkia, mkubwa, ananimaliza yule!"

Twa!

"Asante! Asante sana, mwanangu!"

Karani akainamisha shingo. "Mzee Ngiri. Hiyo si ndiyo kodi?"

Ngiri akafumbua jicho moja, halafu la pili.

"Hapana! Huko ni... ni kujikuna tu!"

"Umeelekeza, umepokea, umeshukuru. Msimu mwingine, masharti yaleyale."

"Kanitega! Aisee, kanitega!"

Kutoka gizani sauti ikajibu, "Mkataba ni mkataba, Mzee. Finish."

Ngiri akachomoka mbio, vumbi timtim. Asali ya Nyegere ikaenda kwingine, na Kipanga akaenda kutafuta chakula kwingine.

Nguchiro akatoka mlangoni, ushindi umemjaa kifuani, akageuka amwambie mtu. Kwa Nungunungu, buibui kafunga mlango kwa utando. Kwa Kicheche, nyasi zimeota. Akasimama pale kidogo. Kisha akaingia ndani, akakaanga kumbikumbi. Wa wawili tena.

Siku ya soko Ngiri akaja, kichwa chini, akajilaza mlangoni. Puu. Nguchiro akampanda mgongoni. Twa... twa... wawili tu kwenye mteremko mtupu, hawapendani, na hakuna mwenye mwingine.

Ujanja wa mmoja huokoa shimo moja; mtaa hauokolewi kwa ujanja.

Na nyie wa Baraza, mnaotuma karani aje kutazama wenzake wakitupwa nje, mgunga unachanua tena. Mrudisheni Nungunungu. Mrudisheni Kicheche. Wekeni sheria kabla ua halijaanguka, maana si kila mwenye shimo ana kupe.