Handaki la Jemadari Kifaru

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani, wanyama wa Bondeni walikuwa na jeshi lao. Nyati arobaini wazima, na mkuu wao Jemadari Kifaru, ambaye macho yake hayakuona mbali zaidi ya pembe yake.

Kila mavuno, kila kaya ilipeleka kambini vikapu vitatu vya mtama. Kisa? Fisi wa ng'ambo ya kilima watakuja kutupiga. Nani aliwaona hao fisi? Hakuna. Basi nyati wakala, wakanenepa, wakapiga kwata asubuhi na jioni, pu, pu, pu, na vumbi likatuingia puani bure.

Mwaka mmoja kisima cha Bondeni kikabomoka. Desturi ya pale ilikuwa hivi: wachimba kisima hulishwa na kijiji mpaka maji yatoke. Sasa walishwe nini, na mtama wote uko kambini? Wachimbaji wakaweka majembe chini, wakaenda zao.

Bi Kanga akaja kwa jirani yake, Bi Pimbi, machozi yakimtoka.

"Shoga, wanangu hawajanywa tangu jana. Yule mdogo hata sauti hana."

Bi Pimbi alikuwa mdogo, wa kubebeka kapuni, lakini maneno yalimjaa. Moyo ukamuuma.

"Nyamaza, shoga. Nakwenda kambini."

"Kumwomba Kifaru? Yule hasikii la mtu."

"Nani kasema naenda kuomba?"

Akaenda mbio, titititi, akapanda juu ya jiwe mbele ya kambi.

"Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi Pimbi, baba, wa kule mawe ya juu. Nimekuja kuuliza tu, handaki letu liko wapi?"

"Handaki gani?"

"La kuwazuia fisi. Au jeshi kubwa hivi halina handaki?"

Kifaru akakohoa. Nyati wote walikuwa wanasikiliza.

"Nilikuwa naanza leo," akasema.

"Nilijua tu. Mimi kule juu naona njia yao. Watapitia pale penye matete, panapokuwa kijani hata kiangazi. Lichimbwe kwenda chini sana, fisi akitumbukia asitoke."

Nyati mmoja akanung'unika, "Sisi ni askari, si fuko."

"Kimya," akasema Kifaru. "Chukueni majembe."

Ku, ku, ku! Nyati arobaini walioshiba si mchezo, wanangu. Mpaka saa sita walikuwa wamezama hadi kwenye pembe. Alasiri udongo ukawa tope. Mara, bubu, bubu, bubu.

"Jemadari," akaita nyati kutoka chini, "handaki limeharibika. Limejaa maji."

Bi Kanga alikwishafika na vifaranga vyake, na nyuma yake kijiji kizima na vibuyu. Wakanywa. Yule mdogo akanywa, akatikisa kichwa, akalia kwi, kwi, kwi kwa sauti yake yote. Mama yake akakaa chini kwa furaha.

Kifaru akanusa maji. "Pimbi, umenidanganya. Hiki ni kisima."

"Nimekudanganya, baba. Ningekuomba kisima, ungechimba?"

"Nisingechimba. Askari hachimbi kisima."

"Na mtama mlioula ulikuwa wa wachimbaji."

Kifaru akatega sikio upande wa kijiji. Kwata zote zile, na hajawahi kusikia kijiji kikimshangilia. Leo walikuwa wanamshangilia, na yeye alijua si kwa sababu ya fisi.

"Mwakani," akasema, "leteni kikapu kimoja. Viwili viacheni nyumbani kwenu."

Bondeni wakashusha pumzi. Nami nawaambia hivi: jeshi linalokula jasho la kijiji lisikiache kijiji kife kiu.